Dodoma na Elimu ya Milima ya Moto ya Kaskazini

Asimamaye juu ya vilima vya mawe vilivyouzunguka mji wa Dodoma hataona mlima wa moto hata mmoja. Aonacho ni uwanda mpana, mibuyu hapa na migunga pale, na majabali ya itale yaliyotokeza ardhini. Miamba hiyo ni miongoni mwa miamba ya kale kupita yote katika Tanzania, na umri wake wapita miaka milioni 2,500. Hata hivyo ni katika mji huu, wala si Arusha wala Moshi, zilimokusanywa ramani na taarifa nyingi juu ya Kilimanjaro, Meru, Ol Doinyo Lengai na milima mingine ya moto ya kaskazini. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, kisha kuuliza swali ambalo halina budi kuwahusu wataalamu wa lugha: elimu hiyo iliyowekwa Dodoma imewafikia kwa kadiri gani watu wakaao chini ya milima yenyewe, na kwa maneno gani?

Kwanza yafaa tuitazame nchi. Uwanda wa juu wa kati, kuanzia Dodoma kupita Singida na Tabora hadi kusini ya Ziwa Viktoria, ni kiini cha miamba migumu iliyopoa na kutulia tangu zamani mno. Bonde la Ufa litokalo kaskazini, kupitia Kenya, lilipofika kwenye ukingo wa kiini hiki halikuweza kukipasua kwa urahisi. Likatawanyika. Tawi moja likaelekea magharibi penye Ziwa Eyasi. La pili likashuka kwa Ziwa Natron na Ziwa Manyara hadi upande wa Hanang. La tatu likafuata upande wa mto Pangani. Pale ukoko wa dunia ulipovutwa na kupasuka, moto wa chini ulipata njia ya kutokea. Katika muda wa miaka milioni sita hivi iliyopita ikazuka safu ya milima: mingine ilikufa zamani, mingine imelala tu, na mmoja, Ol Doinyo Lengai, ungali ukitoa zaha hata leo. Basi utulivu wa Dodoma na moto wa kaskazini si mambo mawili mbalimbali. Ugumu wa jabali la kati ni sababu mojawapo ya milima ya moto kusimama pale isimamapo.

Wala isidhaniwe kwamba Dodoma imeepukana kabisa na mambo hayo. Ufa umeingia nchi ya Wagogo, na ukuta wake waonekana wazi karibu na Kilimatinde, juu ya mbuga za Bahi. Ardhi hutikisika mara kwa mara, na mwaka 2002 mji ulipata tetemeko lililowashtua wengi. Jina la Dodoma lenyewe hunasibishwa na neno la Kigogo lenye maana ya kudidimia, kwa kisa cha tembo aliyezama matopeni. Kisa hicho si habari ya jiolojia, lakini chaonyesha kwamba wenyeji waliitazama ardhi yao na kuipa majina kwa mambo waliyoyaona ikitenda.

Habari za milima ya kaskazini zilianza kuandikwa na wageni katika karne ya 19. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei mwaka 1848. Alipoandika habari hiyo, wako wataalamu wa Ulaya waliomkatalia, wakisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Wenyeji wa Uchagga hawakuwa na haja ya kubishana, maana waliiona kila siku. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, wakiwa wamesaidiwa katika kambi ya juu na Mwini Amani, mtu wa Pangani. Baadaye Wilhelm Bornhardt alizunguka nchi nzima, na mwaka 1900 akatoa kitabu kikubwa juu ya sura na miamba ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yeye ndiye aliyeeneza katika elimu ya jiografia jina la Kijerumani lenye maana ya “mlima wa kisiwa”, akikusudia vilima vya jabali visimamavyo peke yake juu ya uwanda, mfano wa vile vya Dodoma. J. W. Gregory, Mwingereza aliyechunguza upande wa Kenya mwaka 1893, ndiye aliyelipatia Bonde la Ufa jina lake la Kiingereza, ambalo Kiswahili kimelifasiri.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia, serikali ya Kiingereza ya Tanganyika iliunda Idara ya Uchunguzi wa Miamba mwaka 1925, ikaiweka Dodoma. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa E. O. Teale. Mji ulikuwa katikati ya nchi, tena juu ya reli ya kati, na kutoka hapo wachunguzi waliweza kwenda pande zote. Kazi iliyotarajiwa hasa ilikuwa kutafuta madini na maji. Lakini haiwezekani kutafuta madini bila kujua miamba, wala kujua miamba bila kuichora. Karatasi za ramani kwa kipimo cha 1:125,000 zikaanza kutolewa moja baada ya moja, kila moja ikiwa na maelezo yake. Kwa njia hiyo, bila ya kukusudiwa, Dodoma ikawa ghala la habari za milima ya moto.

Mifano miwili yatosha kuonyesha thamani ya kazi hiyo. Wa kwanza ni Kilimanjaro. Mwaka 1953, na tena mwaka 1957, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield waliungana na wachunguzi wa Dodoma kuupima mlima huo, na ramani yake ikatolewa mwaka 1965. Ikathibitika kuwa Kilimanjaro si mlima mmoja bali ni mitatu iliyoegemeana: Shira, uliokufa na kuporomoka zamani, Mawenzi, uliochongwa na mvua na barafu hata ukabaki magenge matupu, na Kibo, mdogo wao kwa umri, wenye kimo cha mita 5,895.

Mfano wa pili ni Ol Doinyo Lengai, ambao maana yake kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu. Kwa miaka mingi wanajiolojia walibishana juu ya miamba fulani yenye asili ya chokaa na magadi ionekanayo penye milima ya moto ya kale. Wengine walisema haiwezi kuwa imetoka katika moto. Labda ni chokaa ya kawaida iliyonaswa. Mwaka 1960 J. B. Dawson, aliyekuwa mchunguzi wa Idara ya Dodoma, aliingia na wenzake katika kasoko ya Lengai, wakaiona zaha yenyewe ikitiririka. Ilikuwa nyeusi, nyepesi kama matope ya maji, na baada ya muda mfupi ilibadilika ikawa nyeupe. Habari ilitangazwa mwaka 1962: ilikuwa zaha ya magadi, ambayo joto lake halifiki nyuzi 600 za Selsiasi, hali zaha ya kawaida yaweza kupita 1,100. Hakuna mlima mwingine ulimwenguni uliopata kuonekana ukitoa zaha ya namna hiyo.

Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Jina walilolitumia wanajiolojia ni refu, na limetungwa kwa Kigiriki na Kilatini. Lakini neno magadi lajulikana na kila mpishi wa maharage na kila mtengeneza ugoro. Ukimwambia mtu kwamba mlima ule hutapika magadi ya moto, ambayo huteremshwa na mvua, na kwamba maji ya Ziwa Natron yana magadi hayo, ataelewa katika sentensi moja jambo lililowatatiza wataalamu kwa muda mrefu. Si kwamba neno la kienyeji lilikuwa na elimu yote ndani yake. Ila lilikuwa na mlango, na mlango huo haukufunguliwa kwa kuwa taarifa ziliandikwa kwa wasomaji wengine.

Uwanda wa kati nao una mashahidi wake. Katika nchi ya Tabora viko vilima vitatu vidogo viitwavyo Igwisi, navyo ni mabaki ya milima ya moto iliyolipuka miaka 12,000 hivi iliyopita. Mwamba wao ni kimbalaiti, namna ile ile ya mwamba iliyobeba almasi za Mwadui alizozigundua John Williamson mwaka 1940. Kwa kawaida mwamba huo hupatikana katika mabomba ya kale ambayo juu yake pamekwisha liwa na mvua na upepo. Igwisi ni mahali adimu sana ambapo zaha yake ingali imebaki juu ya ardhi. Kwa hiyo hata jabali tulivu la kati limewahi kutobolewa na moto, katika zama ambazo binadamu alikuwapo tayari.

Wenyeji nao hawakukaa bila fikira juu ya milima. Wachaga husimulia kwamba Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto kila mara, hata Kibo akachoka, akampiga kwa mchi, ndiyo sababu kichwa chake kimechanika. Tusiharakishe kusema kwamba hadithi hiyo ni kumbukumbu ya mlipuko. Mawenzi ulizimika kabla ya mtu yeyote kuweza kusimulia. Lakini msimulizi aliona sura mbili, moja iliyovunjika na moja iliyo nzima, akatambua kuwa tofauti yao yahitaji sababu, na sababu aliyoitoa ni moto uliozimika kwa mmoja na kubaki kwa mwingine. Swali lake na la mpima ramani ni moja, ijapokuwa majibu yao hayalingani.

Kwa nini mambo haya yawe na uzito leo? Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliporomoka, na tope, mawe na magogo yakaufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ni mlima wa moto wa kale, na swali la kwanza vinywani mwa watu lilikuwa kama moto umeamka. Serikali ikaeleza kwamba haikuwa volkano. Miamba dhaifu ilinyonya maji ikakatika. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilihitaji elimu ambayo wengi hawakuwa wamepewa: kwamba mlima wa moto hata ukizimika huacha tabaka za majivu na mawe yasiyoshikamana, na kwamba maji yaweza kufanya kwa mlima uliokufa yale ambayo moto haufanyi tena. Kwa watu wa Katesh, tofauti kati ya volkano na maporomoko ya tope haikuwa ubishi wa istilahi. Mtu ajuaye hatari ni ipi ndiye awezaye kujua akae wapi na akimbilie wapi.

Maneno si haba. Tunayo zaha na kasoko, ijapokuwa hayajulikani sana nje ya kamusi. Tunayo itale, jabali, majivu, tope na magadi. Volkano limekwisha kuwa mwenyeji, ingawa wengine huandika volkeno. Neno ufa, tulilolizoea katika kuta za nyumba, limebeba vyema maana ya Bonde la Ufa. Kilichopungua ni maelezo marefu, yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, yakifuatana na ramani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya namna hiyo yafaa pia kwa elimu ya miamba, tena ifanywe na wanajiolojia na wanalugha wakiwa meza moja. Na penye nafasi nzuri ya kukaa meza hiyo ni Dodoma, ambako Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, mrithi wa ile Idara ya 1925, ingali na makao yake, na ambako tangu mwaka 2007 kipo Chuo Kikuu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa dunia hauzibiki. Ule ulio kati ya ramani za Dodoma na vijiji vya Hanang, Meru na Lengai waweza kuzibwa, na udongo wa kuuzibia ni lugha ambayo watu hao wanayo tayari.