Bibi Applebee na Magongo ya Wasichana wa Vyuoni

Agosti ya mwaka 1901 mwanamke mmoja wa Kiingereza, Constance Applebee, aliyekuwa amekwenda Marekani kwa masomo ya likizo tu, aliwapeleka wanafunzi wenzake katika ua wa nyuma ya jumba la mazoezi la Harvard, akawashikisha magongo ya kuokoteza, na kuwaonyesha mchezo ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuuona. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao tukitajiwa mpira wa magongo hukumbuka upesi wanaume wa Kenya waliofika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971 huko Barcelona, ni nadra kufikiri kwamba katika nchi ile kubwa mchezo huu ulikuwa, na ungali, ni milki ya wanawake. Na mwenye kuwamilikisha ni bibi huyu.

Ili tuufahamu uzito wa jambo lile, hatuna budi kurudi hadi mwaka 1873. Mwaka huo tabibu Edward H. Clarke wa Boston, aliyepata kuwa profesa wa utabibu wa Harvard hiyo hiyo, alitoa kitabu cha kudai kwamba msichana akielemezwa masomo kama mvulana mwili wake hudhurika, na uzazi wake ukawa hatarini; na mwaka huo huo, tarehe 4 Juni, huko Chigwell katika jimbo la Essex, alizaliwa Constance Applebee, mtoto dhaifu wa siha, ambaye kwa kuwa shule hakuiweza alisomeshwa nyumbani na jamaa yake aliyekuwa kasisi. Kitabu cha tabibu kilienea na kuogopwa. Mtoto yule, alipokua, aliutafutia udhaifu wake dawa katika mazoezi ya viungo, akayasomea hata akahitimu ualimu wake.

Kisa cha Harvard kimesimuliwa mara nyingi, na mwenyewe alipenda kukisimulia. Wanafunzi wa Dakta Dudley Sargent, mwendeshaji wa masomo yale ya likizo, walikuwa wakizungumza juu ya mazoezi ya wanawake, na mmoja wao akataja mchezo wa kugombea viti muziki unapokatika, na ule wa kuangusha leso nyuma ya migongo ya walioketi. Bibi Applebee akajibu kwamba kwao Uingereza hiyo ni michezo ya karamuni. Wakitaka mazoezi hucheza magongo. Akatakiwa aonyeshe, akaonyesha. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa Harriet Ballintine, msimamizi wa mazoezi katika Chuo cha Vassar, naye hakungoja: alimwalika aende kuwafundisha wasichana wake. Kutoka Vassar akaendelea Smith, Wellesley, Mount Holyoke, Radcliffe na Bryn Mawr, chuo baada ya chuo, majira yale yale ya vuli, na kabla ya mwaka kwisha chama cha kwanza cha mchezo huo nchini kilikuwa kimekwisha undwa.

Hebu na tutazame alichokuwa akikifundisha. Gongo limepinda ncha, na upande mmoja tu wa ncha hiyo, ulio bapa, ndio unaoruhusiwa kuugusa mpira, kwa hiyo mchezaji hana budi kuligeuza gongo au kuuzungusha mwili wake ili aupate mpira vizuri. Mchezo wa zama zile ulianza hivi: wawili walisimama ubavu kwa ubavu na mpira, wakitazamana, kila mmoja akagonga ardhi kwa gongo lake, kisha wakagonganisha magongo juu ya mpira, na hivyo mara tatu, chini, juu, chini, juu, chini, juu, na baada ya mgongano wa tatu ndipo mwepesi wa mkono anyakue. Wasichana waliolelewa kukaa wakatulia, ilhali wamevaa sketi ndefu zilizofagia majani, walijifunza hayo kwa siku chache.

Mwaka 1904 alishika kazi Bryn Mawr, karibu na Philadelphia, na miaka miwili baadaye mambo yote ya mazoezi ya chuo yakawa chini yake. Hapo ndipo alipokabiliana na mkuu wa chuo, M. Carey Thomas, mwanamke wa elimu kubwa na mtetezi wa kura kwa wanawake, ambaye katika ujana wake kitabu cha tabibu Clarke kilimsumbua kama jini. Wote wawili walikuwa na azma kali, wala hakuna aliyezoea kuamrishwa. Masimulizi yaliyobaki chuoni yasema kwamba Bibi Applebee, katika kudai wasaa wa michezo, alimwambia mkuu wake waziwazi: wataka wasichana hawa waende duniani wapate kura, kura itawafaa nini nao ni wagonjwa wasioweza kuipiga? Kwa rai yangu, hoja ile ilizipita hotuba nyingi za zama zake, kwani haikuomba ruhusa ya kucheza. Iliufanya mwili wenye afya kuwa sehemu ya uraia. Na wanawake wa Marekani walipohakikishiwa kura katika katiba mwaka 1920, wachezaji wa Philadelphia walivuka bahari mwaka huo huo kwenda Uingereza kucheza na waliowafundisha mchezo, ambako walifungwa zaidi kuliko walivyofunga, wakarudi na maarifa.

Mwaka 1922 kikaundwa chama cha taifa cha wanawake, chenye wanawake kuanzia mwenyekiti hadi mwamuzi, na mwaka huo Bibi Applebee akaanzisha kambi ya magongo katika milima ya Pocono, ambako vizazi vya walimu wa vyuo na shule walikwenda kunolewa kabla ya msimu. Mwaka 1924 alianzisha gazeti la wanamichezo wa kike, The Sportswoman. Aliiacha Bryn Mawr mwaka 1929, lakini kambi hakuiacha: aliendelea kufundisha hata amepita miaka 90.

Kilichofuata hakina budi kumsikitisha mwenye kuithamini kazi ile. Sheria ya mwaka 1972, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu ya Marekani, ilileta viwanja, misaada ya masomo na mishahara, na hiyo ni neema isiyokanika. Lakini mwaka ule zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake, na leo hawafiki nusu. Palipokuwa hapana fedha, wanawake waliachiwa wenyewe. Fedha zilipokuja, wakapunguzwa. Waliojengewa jadi hii na bibi wa Chigwell walistahili zaidi ya hayo.

Bibi Applebee alifariki tarehe 26 Januari 1981 kijijini Burley, katika New Forest, akiwa na umri wa miaka 107. Vuli ya mwaka huo shirika la michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, ambalo kwa miongo mingi lilishughulika na michezo ya wanaume peke yake, liliandaa kwa mara ya kwanza ubingwa wa magongo wa wanawake wa vyuo, na kikombe kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut.