Lakrosi ya wasichana wa sekondari (Marekani)

Lakrosi ni mchezo wa fimbo yenye wavu na mpira mdogo wa raba, uliozaliwa kwa mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee. Wasichana wa shule ya St Leonards, Uskoti, waliucheza mwaka 1890. Rosabelle Sinclair akaupeleka Bryn Mawr School, Baltimore, mwaka 1926.

Msichana anayekimbia huku akitikisa fimbo karibu na sikio, mpira usimtoke wavuni, hujenga pumzi, wepesi wa macho na imani kwa wenzake.

Lakini ushindani una uzito wake. McDonogh, shule ya Maryland, ilishinda mechi 198 mfululizo kati ya 2009 na 2018. Binti aliyeingia kikosini alibeba rekodi hiyo mabegani. Makocha wa vyuo walifikia hata kuwaandama wasichana wa darasa la nane, mpaka mwaka 2017 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilipozuia mawasiliano kabla ya Septemba 1 ya mwaka wa tatu wa sekondari. Hatua ya haki, ingawa ilichelewa. Anayepata ufadhili wa chuo naye mara nyingi hulipiwa sehemu tu ya ada.

Kisha kuna goti: mchezaji hugeuka kwa kasi, kano ya ndani hukatika, na kupona huchukua miezi mingi.