Mjue mhamiaji wa manjano wa Watamu, kipepeo asiye na keja

Mvua ikishanyesha Watamu na jua litoke, panda nduthi kutoka Gede uende beach na uangalie barabara vizuri. Utaona vipepeo wa manjano na weupe wakikatiza mbio mbele yenu, karibu wote wakielekea upande mmoja. Hawajapotea. Wako safarini.

Kwa vitabu anaitwa Catopsilia florella. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika, amefika Uarabuni na hata Visiwa vya Canary. Mabawa yakifunguka ni kama sentimita 6 hivi. Yule wa manjano kabisa ni jike, ingawa kuna majike weupe pia. Dume ni mweupe wa kuelekea kijani, so usidhani ni aina mbili tofauti. Ni mabeshte wa familia moja.

Kinachomhamisha ni msosi wa watoto. Kipepeo mzima anakunywa maji ya maua yoyote, lakini kiwavi wake anachagua sana. Anataka majani ya mimea ya Senna, jamii moja na ule mjohoro wa kando ya barabara. Mvua ikishuka, majani machanga yanachipuka na jike anataga hapo, yai moja moja. Kiwavi anatoka akiwa wa kijani, rangi ya jani lenyewe, halafu kazi ni kula tu. Akishiba anajigeuza pupa, kaganda kanakofanana na jani lililokunjwa, kamefungwa kwa uzi wa hariri. Mvua ikiwa fiti wanazaliwa wengi, wanamaliza majani, kichaka kinabaki vijiti. Hapo kukaa ni njaa. Wanasonga kutafuta mahali kwingine kumechipuka.

Na wakisonga, wanasonga! Wanaruka mchana, mita chache tu kutoka chini. Wakikuta nyumba, mara nyingi wanapanda juu ya paa na kuendelea na line yao badala ya kuizunguka. Mwingereza mmoja, C. B. Williams, aliyefanya kazi Amani, kule Tanganyika, miaka ya 1920, alizama kwa hii story mpaka akatoa kitabu kizima kuhusu uhamaji wa vipepeo mwaka wa 1930.

Kingine: ukiwapata wamejazana kwa tope, hao kawaida ni madume. Wanafyonza chumvi. Kwa vipepeo wengi dume humpa jike sehemu ya hiyo chumvi wakijamiiana, na inasaidia mayai. Wewe ulipeleka nini date ya kwanza?

Sasa shida iko kwa ploti. Msee akinunua shamba, kitu ya kwanza ni kufyeka, na Senna za porini zinaenda pamoja na magugu mengine. Mhamiaji anaweza kuruka mbali, lakini akitua mahali hakuna jani la kutagia, safari yake imeishia hapo.

Watu wa huku wanajua thamani ya majani kuliko wengi. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo karibu, zaidi ya kilomita mraba 400, na kabla ya 1993 wakulima wengi wa kando yake walitaka ukatwe wapate mashamba. Mwaka huo Mradi wa Kipepeo ukaanza Gede. Wakulima wakafunzwa kufuga vipepeo wa msituni kwa neti na kuuza pupa, zinazosafirishwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho, Ulaya na Marekani. Ganji ikaanza kuingia, na vipepeo wa mbegu wanatoka msitu ule ule. Ukiukata, hakuna biashara.

Nyumba yao ya vipepeo iko ndani ya uwanja wa magofu ya Gede. Enda asubuhi jua likishawaka, sababu kipepeo akiwa baridi haruki. Ukitoka, cheki matope ya kando ya barabara kabla upande nduthi. Na mwambie rider apunguze mwendo.