Kaunta Iliyopelekwa Shule

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya wateja walioingia katika maduka ya dawa mkoani Ruvuma hawakuwa na mgonjwa nyumbani. Walikuwa wametumwa na watafiti. Kila mmoja alikuwa na maelezo aliyokwisha kuyakariri: mtoto ana homa, au mtoto anakohoa na kamasi zinamtoka, nipe dawa. Akishauziwa alitoka nje, akaandika alichopewa, alichoulizwa na alichoelekezwa. Mara nyingi safu ya maswali aliyoulizwa ilibaki tupu.

Mteja bandia ni mbinu ya zamani katika utafiti wa famasi, na sababu yake haihitaji maelezo mengi. Ukimuuliza muuza dawa anafanya nini, atakwambia anachotakiwa kufanya. Ukienda kununua, utaona anachofanya. Kilichoonekana Ruvuma wenyeji walikuwa wakikijua siku zote, ila sasa kiliwekewa takwimu: katika dawa zilizokuwa kwenye rafu za maduka hayo, asilimia 26 hazikuwa zimesajiliwa kutumika nchini.

Maduka yenyewe yaliitwa maduka ya dawa baridi. Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 iliyatenga na famasi kamili. Famasi ilitakiwa kuwa chini ya mfamasia na iliruhusiwa kuuza dawa za cheti. Duka la dawa baridi liliruhusiwa kuuza dawa za maumivu, za kikohozi, za tumbo na nyingine zisizohitaji cheti cha daktari, basi. Kwenye karatasi mpaka ulikuwa wazi, lakini kwenye kaunta ulishafutika miaka mingi. Mama aliyetembea saa mbili na mtoto anayechemka mgongoni hawezi kuambiwa kwamba amoksilini inapatikana Songea mjini, na muuza duka aliyekuwa nayo chini ya meza hakumwambia hivyo.

Tulifikaje hapo? Muhimbili ilianza kufundisha shahada ya famasi mwaka 1974, ndani ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilianzisha ya kwake. Makerere ilifuata mwaka 1988. Kabla ya 1974, Mtanzania aliyetaka kuwa mfamasia alipanda ndege. Kwa hiyo nchi ilipata uhuru, ikatangaza Azimio la Arusha, ikajenga zahanati vijijini kwa kasi ambayo majirani waliionea wivu, bila kuwa na mahali pake pa kumfundisha mtu wa shahada anayejua dawa inatengenezwaje, inahifadhiwaje na inaharibika lini.

Wachache waliohitimu hawakwenda vijijini, na sioni haki ya kuwalaumu. Hospitali kubwa ziliwahitaji, bohari ya serikali iliwahitaji, na vilevile viwanda na Shirika la Taifa la Madawa, NAPCO, lililokuwa na famasi mijini. Mafunzo yenyewe yaliwaelekeza huko. Famasi ya wakati ule, hapa na kwingineko duniani, ilikuwa kwanza elimu ya kemia: kupima, kuchanganya, kuchunguza ubora. Mgonjwa alikuja baadaye sana katika mtaala.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, kama 200 hivi, na fikra iliyobebwa na orodha hiyo iliifaa Tanzania barabara: nchi maskini haihitaji maelfu ya dawa, inahitaji chache zilizochaguliwa vizuri na zisizokosekana. Tatizo lilikuwa hilo neno la mwisho. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara, na muda si mrefu uchumi ukaporomoka, fedha za kigeni zikakauka. Katikati ya miaka ya 1980 Mpango wa Dawa Muhimu, kwa msaada wa Denmark kupitia DANIDA pamoja na UNICEF, ulianza kupeleka zahanati na vituo vya afya masanduku yaliyofungwa tayari, yenye dawa zilezile kwa idadi ileile.

Masanduku yale yaliokoa maisha ya watu wengi, na hilo lisemwe kwanza. Lakini sanduku halikujua lilikokwenda. Zahanati ya bondeni kwenye malaria mwaka mzima ilipokea sawa na ya milimani kwenye baridi, ya kata yenye watu wengi sawa na ya kata yenye wachache. Mahali pamoja dawa ya malaria iliisha kabla ya mwezi, mahali pengine vidonge vililala mpaka vikapita muda wake. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ilirithi kazi hiyo, na ilichukua miaka mingi kuufikia utaratibu wa kituo kuagiza chenyewe kinachokihitaji.

Zahanati ikiishiwa, mgonjwa huenda dukani. Hapo ndipo duka la dawa baridi lilipokua. Mwaka 1991 tiba binafsi iliruhusiwa tena, biashara ikafunguliwa, na kufikia mwanzo wa karne hii maduka haya yalikuwa zaidi ya 4,000 nchi nzima. Famasi kamili zilikuwa mamia machache tu, nyingi zikiwa Dar es Salaam. Mikoa kama Ruvuma ilikuwa na famasi za kuhesabika. Aliyesimama nyuma ya kaunta mara nyingi alikuwa mhudumu wa afya au muuguzi msaidizi, na wakati mwingine ndugu wa mwenye duka aliyesoma dawa kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi.

Serikali ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile inayopendwa na kila mkaguzi: msako. Funga, taifisha, toza faini. Msako ulifanyika mara kwa mara, na baada ya wiki mbili rafu zikajaa upya, kwa sababu homa hazikutoa likizo. Njia ya pili ilikuwa kukiri jambo ambalo taaluma ya famasi ililimeza kwa shida, kwamba mtu asiye mfamasia ataendelea kuuza antibayotiki kijijini kwa miaka mingi ijayo, hivyo afadhali afundishwe. Hofu ya wafamasia haikuwa ya bure. Umesoma miaka minne, halafu unaambiwa mwenzako wa wiki tano atapewa leseni ya kushika sehemu ya kazi yako. Daktari yeyote angelalamika, na mwanasheria angekwenda mahakamani.

Agosti 2003, Ruvuma ikawa mahali pa majaribio. Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa. Ilishirikiana na shirika la Management Sciences for Health la Marekani, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa Maduka ya Dawa Muhimu. Masharti hayakuwa mepesi. Jengo lilikuwa na viwango vyake: sakafu, dari, rafu, mahali pa kuongea na mgonjwa faraghani. Mtoa dawa alisoma wiki kadhaa: dalili za hatari kwa mtoto, dozi kwa umri na uzito, namna ya kueleza, lini amwambie mteja kwamba hapa si mahali pake, aende kituo cha afya. Mwenye duka naye alifundishwa kutunza hesabu. Kisha duka likapewa kile lilichokuwa likikifanya kwa kificho, yaani ruhusa ya kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki kadhaa na dawa za malaria.

Hapo ndipo penye akili ya mpango wenyewe. Mwenye duka hakuombwa awe mwema bure. Aliyekubali kukaguliwa aliruhusiwa kuuza kihalali bidhaa zenye faida, na ukaguzi ukashushwa hadi kwenye kata, kwa watu wanaopita mbele ya duka kila siku, badala ya kumsubiri ofisa wa kutoka Dar es Salaam mwenye gari lisilo na mafuta. Wateja bandia waliporudi mwaka 2004 walikuta maswali yameongezeka na antibayotiki kwa mafua ya kawaida zimepungua. Na zile dawa zisizosajiliwa zilikuwa zimeshuka kutoka asilimia 26 hadi 2.

Malaria ndiyo iliyoyapa maduka haya umuhimu ambao hata waanzilishi hawakuutarajia. Klorokwini ilikuwa imeachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea, SP (sulfadoksini na pirimethamini) iliyoirithi ikazoeleka nayo, na mwishoni mwa 2006 nchi ikaingia kwenye dawa mseto yenye artemisinini. Ilikuwa dawa nzuri kwa bei mbaya. Mwaka 2007 watafiti walipeleka dawa mseto yenye ruzuku katika maduka ya dawa ya wilaya za Maswa na Kongwa. Kabla ya hapo, katika kila wateja 100 walionunua dawa ya malaria, mmoja ndiye aliyeondoka na dawa mseto. Mwaka mmoja baadaye walikuwa 44. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa hoja zilizousukuma mpango mkubwa wa kimataifa wa ruzuku, uliozifikia Kenya na Uganda pia.

Kutoka Ruvuma utaratibu ulikwenda Morogoro, Mtwara, Rukwa, kisha nchi nzima, na baada ya miaka kumi Maduka ya Dawa Muhimu yalihesabiwa kwa maelfu. Uganda iliuchukua na kuuanzia wilaya ya Kibaale. Usimamizi ulihamia Baraza la Famasi, chombo cha wafamasia wenyewe, na nadhani huo ndio ushindi wa kimya wa taaluma: kazi waliyoiogopa sasa ni wao wanaoiwekea masharti.

Mfamasia naye alikuwa akibadilika. Mwaka 2011 Muhimbili, ambayo tangu 2007 ni chuo kikuu kamili, ilianza kutumia mitaala iliyopangwa kwa kile mhitimu anachoweza kufanya, si kwa saa alizokaa darasani. Mfamasia akatakiwa awe wodini na daktari, ahoji dozi, amfuatilie mgonjwa wa kifua kikuu au VVU, afundishe wengine. Duka nalo likawa uwanja wa utafiti wa afya ya jamii. Mkoani Shinyanga, mwaka 2019, lilijaribiwa jambo ambalo lingewachekesha watunzi wa sheria ya 1978. Lilikuwa Malkia Klabu, kadi ya wateja waaminifu kwa wasichana, yenye zawadi, ambayo kwayo binti aliweza kupata bila malipo kipimo cha kujipima VVU mwenyewe na njia za uzazi wa mpango. Wasichana walikuja, na maduka yaliyokuwa kwenye klabu yaligawa vipimo vingi kuliko yasiyokuwemo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Moshi haukufurahisha hivyo. Mteja bandia aliingia tena madukani, safari hii akitafuta antibayotiki bila cheti. Katika maduka tisa kwa kumi, na zaidi, aliuziwa. Hii ni Moshi, mji wenye hospitali ya rufaa ya KCMC na chuo cha kufundisha wataalamu wa dawa, na utafiti ulipochapishwa nchi ilikuwa tayari na mpango wa kitaifa, ulioanza 2017, wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Wako wanaosema mafunzo hayakutosha, yaongezwe. Mimi naona darasa peke yake halifiki huko. Mtoa dawa hupata riziki kwa kidonge kilichouzwa. Akimwambia mteja kwamba mafua haya yataisha yenyewe, anywe maji apumzike, ametumia dakika kumi za elimu aliyosomea na droo haijaingia hata shilingi, huku duka la jirani likiwa wazi. Maduka ya Ruvuma yalibadilika kwa sababu mwaka 2003 kulikuwa na mtu aliyekaa chini akapiga hesabu za mwenye duka pamoja na za mgonjwa. Kwa antibayotiki hesabu hiyo bado haijapigwa.