Prosesa Mbili Kwa Jam ya Thika Road: Jinsi Vipimo vya Gemu Vimekuwa Vikitudanganya

Mwaka jana nilimwambia binamu yangu anunue prosesa ya bei ya chini kati ya mbili alizokuwa akizitamani. Nilikuwa nimezipima mwenyewe. Gemu moja, kadi moja ya michoro, na majibu karibu sawa: fremu 61 kwa 62 kwa sekunde. Nikamwambia, "Buda, usitupe pesa, hizi ni kitu kimoja." Akanunua. Miezi minane baadaye akapata kadi kubwa ya mitumba, akaiweka, na gemu ikaanza kukwamakwama kila akiingia mahali penye watu wengi. Rafiki yake ana kadi kama hiyo na ile prosesa niliyomwambia aiache, na yeye hakwami. Binamu hajawahi kunilaumu. Lakini pia hajawahi kuniuliza ushauri tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya hivi vipimo, na kumbe kosa langu ni la zamani kuniliko.

Turudi 1996. Kampuni ya id Software ilitoa Quake mwezi wa Juni mwaka huo, na ndani yake kulikuwa na amri inayoitwa timedemo. Ukiiandika, gemu inacheza safari iliyorekodiwa kwa kasi yote mashine inayoweza, halafu inakupa idadi ya fremu, sekunde, na wastani. Hakuna mchezaji anayebadilisha kitu. Kila mashine inatembea njia ile ile, inaona adui wale wale. Kwa wakati huo hilo lilikuwa jambo kubwa, manake kabla ya hapo watu wengi walipima prosesa kwa programu za ofisi.

Hapo ndipo Cyrix ilipoumia. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza prosesa ya 6x86 kwa jina la P166+, yaani inashindana na Pentium ya megahezi 166, ingawa yenyewe ilikimbia kwa 133 tu. Na si kwamba walikuwa wanadanganya. Namba hiyo ilitokana na kipimo cha Winstone, ambacho kilitumia programu za kawaida za ofisi, na huko 6x86 ilijikaza kweli. Lakini Quake ilitegemea sana hesabu za desimali. Michael Abrash na wenzake waliiandika ili Pentium ifanye hesabu ya kugawanya mara moja kwa kila pikseli 16, na wakati kugawanya kunaendelea, sehemu nyingine ya prosesa inachora pikseli. Sehemu ya desimali ya Cyrix haikuwa na nguvu hiyo. Kwa hivyo mtu aliyenunua P166+ akiamini namba iliyoandikwa juu yake, akaenda nyumbani kucheza Quake, alipigwa na butwaa. Namba ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa inajibu swali ambalo yeye hakuuliza.

Hii inanigusa sana kwa sababu 61 kwa 62 yangu pia ilikuwa ya kweli.

Sasa acha nieleze nilichokosea. Kila fremu unayoiona imepitia mikono miwili. Prosesa inaamua nani yuko wapi, risasi imegonga nini, gari linaelekea wapi, halafu inaipa kadi ya michoro kazi ya kuchora. Anayechelewa kati ya hao wawili ndiye anayeamua kasi. Kadi niliyotumia ilikuwa ndogo na nilikuwa nimepandisha ubora wa picha juu kabisa. Prosesa zote mbili zilikuwa zinamaliza kazi na kukaa kungoja kadi. Ni kama kuchukua Subaru na Probox, uzipeleke Thika Road saa kumi na mbili jioni, zifike pamoja, halafu utangaze ati zina injini sawa. Bana, ulipima jam!

Ndiyo maana wapimaji wa siku hizi huweka kadi kali kuliko zote walizonazo na kushusha rezolusheni, kwa kawaida hadi 1080p. Wanafungua barabara. Mabishano makali juu ya hili yalikuja Machi 2017, AMD ilipotoa Ryzen 7 1800X. Katika 1080p ilikuwa nyuma ya Intel kwenye gemu nyingi, lakini ukipanda hadi 4K pengo linakaribia kuisha. Mashabiki wakasema, nani ananunua prosesa ya bei hiyo acheze 1080p? Hoja yao si ya kijinga. Mtu ana haki ya kujua atapata nini leo kwa kioo chake. Lakini mimi nasimama na waliopima chini, kwa sababu kadi hubadilishwa na prosesa hubaki. Muulize binamu yangu.

Kitu kingine ni huo wastani wenyewe. Mnamo Septemba 2011, Scott Wasson wa The Tech Report aliandika makala iliyobadilisha kazi hii yote. Hoja yake ilikuwa rahisi: tuache kuhesabu fremu ndani ya sekunde, tupime kila fremu imechukua muda gani. Fikiria sekunde moja yenye fremu 60. Kama zimegawanywa sawasawa, kila moja inachukua kama milisekunde 16.7 na unateleza vizuri. Lakini sekunde hiyo hiyo inaweza kuwa na fremu 59 zilizobanana ndani ya nusu ya kwanza, halafu fremu moja ikakaa nusu sekunde nzima. Wastani bado ni 60. Na wewe umeshauawa kwa gemu. Ndipo ikazoeleka kuonyesha, pamoja na wastani, ile asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi. Mimi katika kile kipimo changu niliandika wastani peke yake. Sikuangalia hata mara moja.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Oktoba 2018. Intel ilikuwa inatangaza Core i9-9900K, na ikawalipa Principled Technologies wa Durham, North Carolina, waipime dhidi ya wapinzani. Majibu yakatoka kabla wapimaji huru hawajaruhusiwa kuchapisha ya kwao, yakisema 9900K ilikuwa mbele ya Ryzen 7 2700X hadi kwa asilimia 50 kwenye baadhi ya gemu. Watu wakasoma maelezo madogo ya jaribio. Kumbe kwenye mashine ya AMD walikuwa wamewasha kitu kinachoitwa Game Mode, ambacho kwa 2700X kilizima viini 4 kati ya 8! Jina linasema gemu, kazi yake inapunguza prosesa nusu. Tena Intel ilipewa feni kubwa ya Noctua huku AMD ikibaki na ile iliyokuja kwenye boksi.

Steve Burke wa Gamers Nexus alienda mpaka ofisini kwao na kamera. Wakamfungulia mlango, wakakaa, wakajibu. Baadaye wakarudia kupima bila hiyo Game Mode, na pengo likapungua sana, ingawa Intel ilibaki mbele. Ninachowaheshimu nacho ni kwamba walikuwa wameandika kila setingi kwenye ripoti. Bila hayo maandishi hakuna mtu angegundua. Wangapi wetu tunaoweka grafu mtandaoni huandika hata toleo la Windows?

Na toleo la Windows si kitu kidogo. Agosti 2024, Ryzen 9000 zilipotoka, wapimaji walipata kasi ya gemu chini ya ile AMD iliyotangaza. AMD ikaeleza kwamba yenyewe ilipima kwa akaunti ya msimamizi, ambapo maboresho fulani ya prosesa kubashiri hatua inayofuata yalikuwa yanafanya kazi, na mtu wa kawaida hakuwa nayo. Apdeti ikaja. Kasi ikapanda, lakini ikapanda pia kwa Ryzen za kizazi kilichotangulia, kwa hivyo pengo kati yao halikubadilika sana.

Jumamosi ijayo nitaazima kadi ya binamu, kama atakubali. Nitapima zile prosesa mbili upya: ramu ile ile, feni ile ile, 1080p, kila jaribio mara tatu, na nitaandika kila setingi hapa chini ya grafu. Ile grafu ya mwaka jana sitaifuta. Nitaiweka kando ya mpya, na jina langu juu yake.