Ukungu wa katikati: Dar mwaka 1988, na sisi wa Nkowe tulikuwa wapi?

Najua mlitegemea niendelee na stori ya bumu kuchelewa, lakini hiyo mnaijua wote, na kulalamika hakujawahi kuliharakisha. Leo nirudi kwenye somo langu, historia. Chanzo chake ni mabishano ya chumbani kwetu.

Kuna jirani yetu hapa hosteli, jamaa wa mwaka wa pili, mpole sana. Analalamika kwamba akitazama ubao anaona kama kuna mtu kapaka majivu katikati ya maandishi. Pembeni anaona safi kabisa. Kofia nyekundu ya mwenzake anaiona kama imefuliwa mara mia. Hajapata maumivu, macho yake meupe kama maziwa. Wiki ya tatu hiyo! Basi chumba kikagawanyika. Mmoja akasema ni madesa, hizi fotokopi za fotokopi zinaua macho. Wa pili akasema ni kukesha. Wa tatu, na huyu alikuwa hatanii, akasema hayo ni mauzauza, kuna mtu kijijini kwao hataki amalize chuo. Mimi nikasema aende hospitali ya macho kesho asubuhi, asisubiri mtihani upite. Wakanigeukia: tangu lini watu wa historia wakawa madaktari?

Sawa, mimi si daktari. Ila nimesoma habari za mwaka 1988.

Mwaka huo madaktari wa macho wa Dar es Salaam walianza kupokea wagonjwa wa aina moja ambayo hawakuizoea. Wengi walikuwa vijana, na baadaye ikaonekana hata kwa watoto wa shule za msingi. Hawakuwa na mtoto wa jicho, wala trakoma, wala jeraha. Ukilitazama jicho kwa nje huoni kitu. Lakini mgonjwa anasema ndani ya wiki chache katikati ya macho yote mawili pamekuwa na ukungu. Akikutazama usoni anaona masikio yako, uso wenyewe haupo. Kusoma hawezi, noti ya shilingi anaitambua kwa kuipapasa, rangi zimepauka. Ukimpa miwani haisaidii hata kidogo. Na bado anatembea barabarani bila kugonga mtu na anaruka mtaro vizuri tu, kwa sababu kuona kwa pembeni kumebaki.

Hebu fikirieni maana yake nyumbani. Mtoto anakwambia haoni ubao, halafu jioni unamkuta anacheza mpira. Utasema nini? Utasema anakwepa shule. Mimi naamini wako waliochapwa kwa ugonjwa huu, ingawa hakuna rekodi ya viboko.

Baadhi ya wagonjwa walikuwa pia na ganzi au moto kwenye nyayo, na wengine masikio yalipungua kusikia. Ripoti zilizochapishwa mwaka 1997 na 1998 zilieleza kwamba tatizo liko nyuma ya jicho, kwenye mshipa wa fahamu unaobeba picha kwenda kwenye ubongo. Nyuzi zilizoharibika ni zile za katikati, zinazotumika kusomea na kutambua sura. Ukaitwa mlipuko, lakini haukuisha mwaka huo wala uliofuata. Zaidi ya miaka 20 baadaye wagonjwa wapya walikuwa bado wanaonekana.

Sasa mtu yeyote aliyekulia kusini akisikia habari hii atataja muhogo kabla hujamaliza sentensi. Ana haki. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma huko Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. Wenyewe waliuita mantakassa. Kulikuwa na ukame, watu walikuwa wanakula muhogo mchungu ambao haukulowekwa wala kuanikwa vya kutosha, kwa sababu njaa haisubiri siku za kuloweka. Kule Kongo ugonjwa huo ulishaelezwa mwaka 1938 na daktari Mwitaliano, Trolli, kwa jina la konzo. Kwetu ulionekana Tarime mwaka 1985. Na mwaka 1988, mwaka uleule wa ukungu wa Dar, Masasi kulikuwa na watu waliolewa sumu ya muhogo uliokaushwa harakaharaka wakati wa upungufu wa chakula. Masasi na Nachingwea ni majirani, tunaazimana chumvi.

Konzo inapiga miguu zaidi, lakini wapo wagonjwa wake ambao macho nayo hupungua. Kwa hiyo kuushuku muhogo si ushamba. Tatizo ni kwamba muhogo peke yake haukutosha kueleza ya Dar, na hapa ndipo historia inakuwa tamu.

Ugonjwa wa namna hii ulielezwa na daktari Mwingereza, Henry Strachan, huko Jamaika mwaka 1888. Miaka mia kamili kabla ya Dar! Nyayo kuwaka moto, macho kufifia, masikio kupungua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wafungwa wa vita walioshikwa na Wajapani huko Singapore na Hong Kong waliupata baada ya miezi ya kula wali mtupu. Halafu Kuba. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, misaada ikakatika, chakula kikawa cha kubahatisha, na kati ya 1991 na 1993 zaidi ya watu 50,000 walipata ukungu wa katikati au ganzi ya miguu. Wavuta sigara na wanaoruka milo waliumia zaidi. Mwaka 1993 serikali iligawa vidonge vya vitamini nchi nzima, na wagonjwa wapya wakapungua haraka.

Kinachounganisha hadithi hizi ni kitu tulichokariri kidato cha tatu na kukisahau siku ya pili: mitokondria. Nyuzi zile za katikati ni nyembamba mno na zinakula nguvu nyingi kuliko nyingine. Chochote kinachobana nguvu ya seli kinaanzia pale. Sianidi ya muhogo inabana. Moshi nao una sianidi. Methanoli iliyochanganywa kwenye gongo mwili unaigeuza sumu inayobana vilevile, na hiyo haisubiri wiki tatu, ni saa kadhaa tu. Novemba 2000 jijini Nairobi pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 na kuwaacha wengine vipofu. Kinachosaidia mwili kuiondoa sumu ya methanoli ni asidi ya foliki, ile ya vidonge wanavyopewa wajawazito kliniki, ambayo kwa chakula iko kwenye mboga za majani, kunde, mbaazi. Asiye nayo ya kutosha anapigana akiwa mtupu.

Ndiyo maana utafiti wa Dar uliochapishwa mwaka 2011 ulinikaa kichwani. Ulilinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya, ukakuta mambo mawili yamejitokeza: upungufu wa foliki, na moshi wa kupikia ndani ya nyumba. Sio uchawi, sio fotokopi. Ni ugali mkavu na jiko la mkaa ndani ya chumba kimoja ambacho ndicho sebule, ndicho jiko, ndicho cha kulala. Hausemi kwamba hayo ndiyo yote. Lakini kwa mimi msoma historia hiyo ni picha ya mji wenyewe, Dar ya miaka ya themanini mwishoni, mshahara hautoshi wiki na watu wanaendelea kuhamia.

Haya, turudi Nkowe, maana niliahidi kwenye kichwa cha habari.

Kila ninachosoma kinasema huu ni ugonjwa wa Dar es Salaam na mwambao. Nami najiuliza: ni ugonjwa wa Dar, au ni Dar ndiko walikokuwa madaktari wa macho? Tukumbushane mwaka 1988 Nkowe ilikuwaje. Ruangwa haikuwa wilaya, imekuwa wilaya mwaka 1995, kabla ya hapo mambo yetu yalikuwa Nachingwea. Reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa kuanzia mwaka 1947, ilishang'olewa mapema miaka ya sitini. Daraja la Mkapa halikuwepo hadi 2003, kwa hiyo Rufiji unavuka kwa kivuko pale Ndundu, kama mto umekubali. Masika barabara inakatika. Kijana wa Nkowe anayeona majivu katikati ya daftari angefika Muhimbili kwa nauli ya nani? Zilikuwepo hospitali za misheni, Ndanda, Nyangao, Mnero, na zimeokoa watu wengi sana. Lakini jicho lisilouma wala kutoa tongo halimpandishi mtu lori. Angeambiwa amerogwa, angeacha shule, angeshika jembe, na jembe halihitaji kuona katikati.

Jiko letu la kuni lilikuwa na moshi kuliko la Dar. Muhogo ndio tulikuwa nao. Upande mwingine kisamvu, mbaazi na kunde ziko mlangoni, huenda zilitukinga. Huenda. Hakuna aliyehesabu, na mlipuko usiohesabiwa hauingii kwenye historia. Wale wa Dar tunawajua kwa sababu moja tu: mtu mmoja alikwenda kupima, akafuata wa pili, wa tano, mpaka daktari akaweka kalamu chini na kusema hawa wanafanana. Kila aliyebaki nyumbani na mauzauza yake alibaki na ugonjwa wa peke yake.

Neno lenyewe mauzauza, au maruweruwe, linanikera kidogo. Limeshatoa hukumu kabla ya kupima, linakuelekeza kwa mganga. Wakati kuna mtu mmoja Geneva, Charles Bonnet, aliandika mwaka 1760 kuhusu babu yake wa karibu miaka 90 mwenye mtoto wa jicho. Mzee alikuwa anaona watu, ndege na majengo ambayo hayapo, na akili yake timamu kabisa. Jicho likikosa picha, ubongo unajitengenezea. Sasa bibi wa kwetu mwenye macho mabovu akisema usiku ameona watu wadogo ukutani, nyinyi wenyewe mnajua nchi hii jina atakalopewa. Huyo ampelekwe kupimwa macho, na asikilizwe.

Sio kila kitu ni cha kukimbilia hospitali, tusitishane. Vidudu vichache vinavyoelea ukitazama anga, ambavyo umekuwa navyo miaka, viache. Mistari ya kumetameta ya nusu saa halafu kichwa kinagonga, hiyo mara nyingi ni kipandauso, ingawa ikiwa ni mara ya kwanza nenda kaulize. Lakini vidudu vingi kwa ghafla pamoja na mwanga wa radi, au pazia linashuka upande mmoja: siku hiyohiyo. Kuona viwili viwili ghafla: siku hiyohiyo. Kuona kama theluji au ukungu baada ya kunywa gongo: dakika hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na una haya. Kuona vitu na homa kali, usimwite mtu wa kuombea kwanza, malaria ikipanda kichwani haina subira. Unayetumia dawa za TB na rangi zinaanza kupauka, rudi kliniki uwaambie, ethambutol ina tabia hiyo, ila usiziache kimyakimya.

Na ukungu wa katikati, macho yote mawili, rangi zimefifia, miwani haisaidii? Huo mwendo wake ni wa wiki, kwa hiyo unadanganya. Unadhani una muda. Ukiwahi, kuna cha kurekebisha kama chanzo ni lishe au sumu. Nyuzi zikishanyauka hazioti tena, na wengi wa wale wa Dar hawakurudia kusoma kama zamani.

Jirani yetu alikwenda Jumanne. Wamempima, wamechukua damu, wamemwambia arudi. Ameniambia kitu kimoja tu: daktari alimuuliza anapikia wapi. Si mnajua wengine wetu tunavyopikia ndani, jiko chini ya kitanda, dirisha limefungwa ili meneja wa hosteli asisikie harufu ya dagaa?

Likizo nikifika Nkowe nina swali moja la kuwauliza wazee, na wa Mbekenyera, Mnacho, Nachingwea na Masasi mnaosoma hapa naomba mniulizie pia. Msiseme optiki wala neva, mtawapoteza. Ulizeni hivi: kati ya miaka ile ya themanini, mlikuwa na kijana aliyekuwa anatembea vizuri, anajua njia zote, lakini mkikutana hakujui mpaka useme neno? Mkipata jina, mwaka na alichokuwa anakula, niandikieni.