Dawa Iliyotoka Udongoni Caracas

Katika miaka ya 1940 Paul Burkholder wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa akikusanya udongo kutoka kila pembe. Alipima sampuli zaidi ya 7,000. Kwenye sahani ya maabara alichora mstari wa vijidudu vya udongoni, akavipa muda wa kukua, kisha akachora mistari ya bakteria kuuelekea. Bakteria wakikoma njiani, pakabaki mwanya mtupu, basi vijidudu vile vimetoa kitu kinachowazuia.

Udongo wa shamba moja karibu na Caracas, Venezuela, ulizuia bakteria wa aina nyingi. Watafiti wa kampuni ya Parke-Davis, Detroit, wakaitenga dawa yenyewe na kuitangaza mwaka 1947: kloramfenikoli.

Ila je, ingefaa pia kwa homa ya taifasi? Vimelea vyake haviwezi kuzaliana nje ya seli hai, kwa hiyo kwao sahani haikufaa kitu. Daktari wa utafiti Joseph Smadel, huko Washington, alitumia mayai ya kuku yenye viinitete pamoja na panya. Aliwaambukiza, akawapa dawa baadhi yao, wengine akawaacha bila tiba ili apate cha kulinganisha. Waliotibiwa waliokoka.

Mwishoni mwa 1947 wagonjwa 22 wa taifasi walitibiwa nchini Bolivia. Mwaka uliofuata kikosi cha Smadel kilikwenda Kuala Lumpur kutibu taifasi ya vichakani, inayoenezwa na utitiri. Huko ikagundulika kwamba baadhi ya waliopata nafuu walikuwa na homa ya matumbo, ugonjwa ambao hadi siku hizo haukuwa na dawa. Bahati hiyo iliokoa maisha ya watu wengi mno.

Kisha wakaanza kufa wagonjwa wachache ambao uboho wao uliacha kutengeneza damu, wengine majuma kadhaa baada ya kumaliza dozi. Madhara haya humpata mtu mmoja kati ya makumi ya maelfu. Ni kundi gani la panya lingeweza kuyaonyesha? Wanyama walisema kweli kuhusu nguvu ya dawa. Hatari hii ya nadra ilihitaji hesabu ya wagonjwa wenyewe, na hesabu hiyo ilichelewa. Dawa iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1949, ikaagizwa hata kwa mafua. Onyo rasmi kwenye lebo lilikuja 1952.

Leo katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki wengi huijua kama dawa ya matone ya macho.